Uso wa Hatua Kumi na Mbili

Picha ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Mwalimu aliitoa kwenye bahasha ya kaki kwa ncha za vidole, akailaza juu ya meza ya gereji iliyotandikwa gazeti, kisha akarudi nyuma na kukunja mikono kama mtu aliyekwisha maliza yake.

"Haya, shemeji," Fundi Rangi akasema. "Siye huyo?"

Mshonaji akainama kutazama. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa shati. Alilishona yeye, la drafti ndogo za kahawia, na kola ilipoanza kulika akaifumua na kuigeuza, ya ndani ikawa ya nje. Aliuona hata mfuko wa kifuani uliopinda kidogo, maana siku ile alishona umeme ukikatika-katika. Shati alilijua lote. Kisha macho yakapanda usoni, na hapo yakakwama.

Palikuwa na mwanamume wa makamo, paji pana, sura nzuri, anatazama mbali kwa utulivu kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Nyuma yake ukuta wa gereji na mapipa vilikuwa vimeyeyuka kama ukungu, mwenyewe akatokeza peke yake kama aliyekatwa kwa mkasi. Mshonaji akamtazama, akamtazama tena. Hakumjua.

"Ndiye," akasema.

Angesema nini kingine? Wanaume wawili wazima walikuwa wamesimama mbele yake, machozi yanawalengalenga, wakingoja neno lake. Fundi Rangi akashusha pumzi na kujifuta uso kwa kitambaa kile kile alichofutia rangi, akabaki na mstari mwekundu shavuni. Mwalimu akaigeuza picha amwonyeshe nyuma, palipoandikwa kwa penseli: 135, hatua 12.

Mumewe alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Kifua kilimbana Jumatano, Ijumaa wakamfunika pua na mdomo kwa kile kifaa cha hewa, Jumamosi akaondoka. Uso wa mwisho mshonaji kuuona ulikuwa nusu uso. Huo ndio uliobaki umeganda kichwani, na kila alipojaribu kuurudisha ule mwingine, wa miaka ishirini na sita, huo wa hospitali ulimtangulia mlangoni.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, anatengeneza vipuri vya magari ambayo walioyaunda wamekwisha yasahau. Na Jumapili asubuhi, lije jua, ije mvua, alikuwa hapa, kwenye uwanja wa Fundi Rangi, pamoja na watu saba au wanane waliopenda magari ya zamani kuliko walivyopenda, kwa maneno ya wake zao, watu wa nyumbani kwao. Walijiita Watu wa Jumapili. Waliosheana magari, wakasifiana, wakatukanana, kisha zikatolewa picha. Kila mmoja alikuwa na kamera na kila mmoja alikuwa na lenzi aliyoamini ndiyo lenzi. Picha zilisafishwa kwenye karatasi, wala hazikuonyeshwa kwenye simu, na nyuma ya kila picha mpigaji aliandika lenzi aliyotumia na hatua ngapi alisimama mbali na gari. Sharti hilo aliliweka marehemu, ambaye hakuamini jambo lisilopimwa, ndiyo maana wakamwita Milimita.

Lilikuwapo sharti jingine, la zamani zaidi: mtu haingii kwenye picha. Gari ni gari. Ambaye kivuli chake kiligusa bampa alifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Kwa hiyo Fundi Rangi alipopata wazo la kuitundika sura ya Milimita ukutani, mkabala na lango, walipindua maboksi yote. Picha mia nne na zaidi. Lile gari lake la bluu la milango miwili lilipigwa mbele, nyuma, ubavuni, hata uvunguni. Mwenye gari hayumo. Hata kiwiko.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kwenye simu ya mshonaji alikuwamo mara nne: mara mbili kwa mgongo, amebeba viti, mara moja amekatwa kichwa, na mara moja amefumba macho kwenye arusi ya binti yao. Ile ya kitambulisho ilikuwa ya ujanani, amenyolewa na kukodoa kama mshtakiwa.

Iliyobaki ni hii moja, ambayo Mwalimu aliipiga siku Milimita amesimama akingoja wingu lipite juani. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amepata lenzi mpya, akaijaribu kwa chochote kilichokuwa mbele yake, kisha akaificha picha kama mali ya wizi, kwa kuwa ilivunja sharti.

"Jumatatu ya juma lijalo tunaipeleka ikakuzwe," Fundi Rangi alisema akimsindikiza langoni. "Ukubwa wa boneti. Lakini bila neno lako haitundikwi, shemeji. Wewe ndiye mwenye mtu."

"Nimeshasema, shemeji. Ndiye."

Njia nzima maneno yale yalimfuata. Wewe ndiye mwenye mtu. Mwenye mtu gani asiyemjua mtu wake?

Juma lile halikumwendea vizuri. Usiku aliweza kulala, lakini mchana, mbele ya cherehani, alifumba macho na kujaribu kumuunganisha mumewe kama nguo: kovu la nyusi, sawa, ndevu zilizoanza na mvi upande mmoja, sawa, lile pengo la meno. Vipande vyote vilikuwapo mezani, lakini alipovishika pamoja havikushonana. Kila mara akatokea yule bwana wa Mwalimu, mtulivu, paji pana, amevaa shati la watu.

Siku ya Alhamisi mteja wake, karani wa mahakama, alikuja kujaribu gauni. Aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akabaki ametanua viwiko kama ndege.

"Dada," karani akasema taratibu, "hii mikono yote miwili ni ya kushoto."

Mshonaji akatazama. Kweli. Miaka thelathini ya kazi, hajawahi kufanya hivyo hata alipokuwa mwanafunzi. Aliomba radhi, akafumua, na karani alipoondoka akakaa chini na kumpigia simu binti yake.

"Baba yako alikuwaje?" akamuuliza.

"Alikuwaje vipi, mama?"

"Sura."

"Mama, umekula leo?"

"Nimekula. Nakuuliza sura."

"Alikuwa... si alikuwa baba tu? Mama, nije?"

"Usije. Kazi yako je?" Akageuza mazungumzo. Lakini alikuwa ameshaamua. Kama amemsahau mumewe ndani ya miezi minane, basi na ajulikane kuwa amemsahau. Lakini hatakubali mtu asiyemjua akuzwe ukubwa wa boneti, atundikwe ukutani, na yeye apite pale maisha yake yote akiitikia kwa kichwa.

Jumapili iliyofuata alifika mapema. Fundi Rangi alikuwa anapiga msasa mlango wa gari jeupe, Mwalimu amekaa kwenye kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye gari lisilojulikana, anapuliza vumbi kwenye lenzi. Aliwasalimu, akakataa chai, akasimama.

"Mwalimu, nisamehe. Juma lililopita nilikudanganya."

Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, alimtazama kwa lile jicho la kungoja mwanafunzi amalize.

"Yule mtu wa kwenye picha simjui. Shati nalijua, nimelishona mimi. Mtu simjui. Mnaposema ndiye, nawaamini. Lakini mimi nikimtazama, ni mgeni." Sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Nadhani nimemsahau. Sikutaka kusema, ni aibu. Lakini msiitundike kwa neno langu, maana neno langu lilikuwa la uongo."

Msasa ukanyamaza. Fundi Rangi akapangusa vumbi mlangoni kwa kiganja.

"Shemeji," akasema mwishowe, "huenda ni karatasi. Siku hizi wanasafisha kwa karatasi za ovyo."

"Karatasi haina kosa," Mwalimu akajibu. Alikuwa ameumia, ilionekana. Ile ilikuwa picha bora aliyowahi kupiga. Hata hivyo akasogeza kiti. "Kaa, mama. Kaa kwanza. Hakuna anayemsahau mtu hivyo."

"Mimi nimeweza."

Hapo pikapu ikaingia langoni ikikohoa, na honi ikapigwa mara tatu bila sababu. Alikuwa Mkunga, mwanamke pekee kati ya Watu wa Jumapili, ambaye juma lililopita alikuwa zamu kwenye wodi ya wazazi. Alishuka na kamera shingoni, na koti la kazi bado mwilini.

"Mapacha!" akatangaza. "Wa pili kaja kwa miguu, mbishi kama pikapu yangu. Wifi yangu, hujambo? Mbona mmekaa kama mnagawana maiti?" Kisha akaona nyuso zao. "Nimekosea. Kuna nini?"

Fundi Rangi akamweleza kwa maneno machache. Mkunga akaichukua picha ya Mwalimu, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Lakini si ndiye kabisa? Wifi, huyu si Milimita mzima mzima?"

Mshonaji akatikisa kichwa. Sasa walikuwa watatu wanaomjua mumewe kuliko yeye.

"Mimi ninaye mwingine," Mkunga akasema, akivuta maneno. "Ila ni uchafu. Msinicheke."

"Tukucheke kwa lipi?" Fundi Rangi akauliza. "Picha zako zote zina pua."

Ilikuwa mzaha wa zamani. Ua wa nyumbani kwa Mkunga ulikuwa mwembamba, pikapu haikuenea kwenye kamera ila kwa lenzi pana, ishirini na nne, na yeye akaizoea, akaitumia kwa kila kitu. Matokeo yake magari aliyoyapiga kwa karibu yalivimba mbele na kusinyaa nyuma, kama yaliyoumwa na nyuki. Wenzake walimshauri azifute angalau zilizoharibika. Mkunga hakufuta. "Mimi sifuti kitu kilichokwisha zaliwa," alikuwa akiwajibu.

Sasa akawasha kamera na kuzipitisha picha kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama anayehesabu. "Ni mwaka jana. Alikuwa amenikalisha ndani ya gari lake nipige dashibodi, saa zile za mviringo. Nikawa sioni pa kubonyeza. Akainama anionyeshe, na mimi ndipo nikabonyeza... Hii hapa."

Fundi Rangi akawa wa kwanza kuona. "Mungu wangu. Huyo kiboko gani?"

Mwalimu akaiona, akakunja uso kwa uchungu wa kitaalamu. Dashibodi ilikuwa imelala mshazari. Usukani umevutika kama yai. Na upande wa kulia wote umejaa uso: pua kubwa mbele ya kila kitu, mdomo wazi, jicho moja limefinywa kwa jua, paji limekimbilia nyuma, na masikio kama hayapo.

"Izime," Mwalimu akasema kwa upole. "Si picha ya kumwonyesha mtu."

Lakini mshonaji alikuwa ameshainuka. Aliishika kamera kwa mikono miwili, mkanda wake ungali shingoni mwa Mkunga, wakabaki wameinamiana kama wanaonong'ona.

Mdomo ule ulikuwa katikati ya neno. Jicho lile lililofinywa lilikuwa linamtazama yeye, karibu, likimharakisha kidogo, kama kila asubuhi.

"Nimesikia bwana," mshonaji akasema.

Alilisema kwa sauti ya nyumbani, ya kawaida, yenye kuchoka na mzaha ndani yake. Na alipojisikia akilisema, akajikuta anakwenda chini. Mkunga akamdaka kwapani kama afanyavyo kazini, akamketisha. Akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kamasi na yote, wala hakuiachia kamera, kwa hiyo ikabidi Mkunga apige magoti naye, maana mkanda ulikuwa mfupi.

Fundi Rangi akawa anapiga msasa mahali palipokwisha pigwa.

Alipotulia, aliuliza, na swali lenyewe alilielekeza kwa Mwalimu: "Nyinyi mnasema hii imeharibika?"

"Imeharibika, mama. Pua siyo yake hiyo."

"Ni yake."

"Shemeji," Fundi Rangi akadakia, "Milimita hakuwa na pua hivyo. Tungemwita jina jingine."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ametulia, anamtazama mshonaji, kisha picha mezani, kisha kamera, kama hesabu imekataa na sasa anatafuta kosa liko mstari gani. Halafu akasimama ghafla.

"Fundi, simama pale ukutani."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Simama."

Fundi Rangi akasimama na mstari wa vumbi jeupe usoni. Mwalimu akafunga ile lenzi yake ndefu kwenye kamera, akahesabu hatua kumi na mbili kwa sauti, akageuka, akapiga. Kisha akaazima lenzi ya Mkunga, akaifunga, akaenda akamsogelea Fundi Rangi mpaka wakapumuliana.

"Mwalimu, watu watatufikiria vibaya."

"Nyamaza." Akapiga.

Akarudi, akamwonyesha mshonaji ya kwanza, kisha ya pili. Katika ya kwanza Fundi Rangi alikuwa na uso mpana, wa heshima, kama mjumbe wa bodi. Katika ya pili alikuwa mwembamba, mwenye pua na meno, macho yake yamejaa shaka. Ndugu wawili wa mama tofauti.

"Nimefundisha watu umbo na umbali miaka thelathini na moja," Mwalimu akasema, sauti imeshuka, "na leo ndiyo nakumbuka. Lenzi haina kosa, mama. Ni mahali unaposimama. Ukiwa mbali, pua na masikio viko karibu sawa kwa umbali, kwa hiyo uso unalala, unatulia. Ukiwa karibu kabisa, pua iko jirani, masikio bado yako safarini. Sura inabadilika. Zote mbili ni zake. Sisi tulimwona kutoka hapa mpaka kwenye gari. Jumapili baada ya Jumapili, hatua nane, hatua kumi, ndio uso tunaoujua. Wewe ulimwona kutoka wapi?"

Mshonaji akanyoosha mkono mbele ya uso wake. Alikuwa anapima. Macho yake yalianza kufifia kama miaka minne nyuma, na tangu hapo mumewe ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano ya cherehani; aliinama chini ya balbu, kichwa chake mbele ya kichwa cha mkewe, amefinya jicho moja, mdomo wazi kidogo kwa kujitahidi. Mara tano, mara sita kwa siku. Na sahani moja mezani. Na mto.

"Mkono mmoja," akasema. "Pengine usifike."

"Na kwa mbali?"

"Kwa mbali nilimjua kwa mwendo. Uso nilikuwa siutazami, nilikuwa nakwenda kufungua mlango."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Basi hukusahau kitu. Sisi tulikuletea uso wetu, tukakuuliza kama ni wako."

Mkunga akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Kwa hiyo picha yangu ndiyo bora," akasema. "Semeni. Nataka kusikia mkisema."

"Haijafikia kuwa bora," Mwalimu akajibu. "Ni mbaya, lakini ni kweli."

"Kwa hiyo tunaikuza hiyo?" Fundi Rangi akauliza, akijikuna kidevu. Alikuwa anajitahidi kwa moyo wote. "Ukubwa wa boneti? Sisemi hapana, shemeji. Nasema tu wateja wangu wengine wana presha."

Mshonaji akacheka. Kicheko kilimjia ghafla, kikakwamana na kwikwi zilizobaki, akawa anacheka na kukohoa, na Mkunga anampiga mgongo.

"Usiikuze," akasema. "Itundike ya Mwalimu. Nyinyi hapa mlimjua vile, na mkiinua macho mmwone mnayemjua. Nikipita nitamsalimia. Nikishajua kwamba ni yeye akiwa mbali, itatosha." Akamgeukia Mwalimu. "Ni picha nzuri, Mwalimu. Kola imetoka vizuri."

Mwalimu alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

"Alikuwa anasema nini hapa?" mshonaji akamuuliza Mkunga. "Mdomo uko wazi."

"Alikuwa ananiambia, 'Bado, usibonyeze, bado.' Na mimi nikabonyeza."

Kesho yake asubuhi walikwenda wawili, mshonaji na Mkunga, kwenye studio ya picha iliyokuwa nyuma ya soko la vitambaa. Mwenye studio alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliifungua picha kwenye kompyuta, akasogeza uso nyuma.

"Hii pua naweza kuipunguza," akasema. "Dakika mbili tu."

"Iache."

"Na hapa kumepinda. Ninyooshe?"

"Hapo pia paache."

"Na mdomo?" Mwenye studio akageuka, akamtazama mteja wake vizuri kwa mara ya kwanza. Akabonyeza.

Mashine ikanguruma, ikatulia, ikanguruma tena. Mshonaji akasogea mpaka mbele yake, akainama, akakinga viganja chini ya ule mwanya, na karatasi ikaanza kutoka taratibu, ikiwa ya moto kidogo, kidevu kwanza.